Pua ya Gari

Watu husema gari linakunywa. Kila dereva anajua gari lake linakunywa kiasi gani kutoka Isiolo hadi Nairobi, na wakikutana wawili kwenye kituo cha mafuta hayo ndiyo mazungumzo. Ni wachache wanaouliza linapumua kiasi gani. Hesabu yenyewe si ngumu. Injini ya petroli inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa kuchoma kilo moja ya mafuta. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo, kwa hiyo inataka karibu kilo 11 za hewa. Kwa hewa yetu ya Isiolo, yenye joto na iliyo mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, hiyo ni zaidi ya lita 10,000. Tangi la lita 50 likiisha, injini imevuta zaidi ya lita nusu milioni za hewa.

Petroli inakuja ikiwa safi kutoka kiwandani, au tuseme tunalipa tukiamini ni safi. Hewa haina kiwanda. Injini inavuta ile iliyo mbele yake, na kwa sehemu kubwa ya historia ya magari kaskazini mwa Kenya, iliyokuwa mbele yake ilikuwa vumbi.

Nimekuwa nikifikiria jambo hili tangu mpwa wangu alipotaka kubadilisha pua ya Subaru yake. Mafundi wa hapa huita "pua" ule mfumo mzima wa kuvutia hewa: tundu la mbele, kisanduku cha filta na bomba linaloingia kwenye injini. Nitafika kwake. Lakini kisa chake hakieleweki bila kujua pua za magari yaliyomtangulia, kwa sababu kila kizazi cha madereva wa barabara hii kimelazimika kuchagua kati ya hewa nyingi na hewa safi. Huwezi kupata zote mbili bila kulipa mahali fulani.

Isiolo ilikuwa lango. Serikali ya kikoloni iliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kwa sheria, na mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Hata baada ya uhuru lango lilibaki vichwani: msafiri kutoka Marsabit au Moyale akishuka kuja huku alisema anaenda Kenya. Lami nayo iliheshimu mpaka huo. Ilitoka Nairobi, ikapanda Nanyuki na Timau, ikateremka hadi hapa mjini, ikaishia. Mbele ya kizuizi kulikuwa na karibu kilomita 500 za changarawe, mawe na mchanga hadi Moyale.

Baba aliendesha lori la mifugo kwenye barabara hiyo, na mimi nilikuwa utingo wake wakati wa likizo za shule. Kwa sababu ya majambazi, magari mara nyingi yalienda kwa msafara, polisi wakiwa kwenye lori la kwanza na la mwisho. Msafara ulikulinda na risasi lakini ulikulisha vumbi. Lori la mbele linatimua, la nyuma linavuta. Madereva waligombania nafasi ya pili au ya tatu, na ukiwaona wakibishana asubuhi ungedhani wanaogopa kuachwa. Walichoogopa ni injini.

Vumbi la kaskazini si uchafu wa kawaida. Ndani yake mna chembe za mchanga wa kwatzi, ambao ni mgumu kuliko chuma cha silinda. Chembe zikipita filta zinaingia kati ya pistoni na ukuta wa silinda, zinachanganyika na oili, na mchanganyiko huo unasaga kama msasa. Ringi zinalika, injini inaanza kutoa moshi wa bluu, inakula oili, inapoteza nguvu milimani. Ukiona hayo yote, umechelewa.

Dawa ya zamani ilikuwa filta ya oili, ile iliyofungwa kwenye malori na kwenye Land Rover za kwanza, gari lililozinduliwa mwaka 1948. Ni bakuli la chuma lenye oili chini. Hewa inaingia kwa kasi ikielekea chini, halafu inalazimishwa kugeuka ghafla kupanda juu. Hewa ni nyepesi, inageuka. Vumbi ni zito, linashindwa kugeuka, linatumbukia kwenye oili. Kinachobaki kinanaswa na wavu wa chuma hapo juu. Hakuna karatasi, hakuna kitu cha kununua Nairobi. Tukifika Marsabit kazi yangu ilikuwa kufungua bakuli lile, kumwaga oili, na kukwangua tope lililotuama chini, zito kama uji wa wimbi uliopoa. Baba aliliangalia kila mara kabla sijalitupa. Alikuwa akiisoma barabara: tope likiwa nene alijua tumekaa nyuma ya lori lingine muda mrefu mno.

Filta hiyo ilikuwa na gharama yake. Hewa inayolazimishwa kupiga kona na kupita wavu uliolowa oili haiingii kwa urahisi. Lori lilikuwa zito kupumua, na likipanda mlima wa Marsabit ungelihurumia. Wazee walikubali. Injini inayofika polepole, walisema, ni bora kuliko inayofia Laisamis.

Mkataba huo kati ya nguvu na usafi haukuanzia kwetu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka uleule wa 1941 ambapo wanajeshi wa Afrika Kusini walipita na malori yao kaskazini mwa Kenya kwenda kuteka Mega, Ethiopia, injini za jeshi la Uingereza zilikuwa zikisagika katika majangwa ya Misri na Libya. Ndege za Spitfire zilizopelekwa maeneo ya vumbi zilifungwa filta kubwa ya Vokes chini ya pua, iliyozifanya zionekane kama zina kidevu kilichovimba. Ilizuia mchanga, lakini ilipunguza mwendo wa ndege, na kwa rubani wa vita mwendo ndio uhai. Basi mafundi wa karakana ya jeshi la anga huko Aboukir, Misri, wakaunda filta yao wenyewe, ndogo na nyembamba zaidi, ikachukua jina la mahali pale. Napenda kisa hiki kwa sababu waliobadilisha pua ile walikuwa mafundi waliokuwa wakiishi ndani ya vumbi lenyewe. Walijua wanaweza kupunguza kiasi gani bila kuua injini.

Hapa Kenya shule kubwa ya pua za magari ilikuwa mashindano ya Safari. Yalianza mwaka 1953 kama Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakiwapeleka madereva Kenya, Uganda na Tanganyika katika barabara ambazo wenyeji walizitumia kila siku bila kupewa kombe. Magari ya kifahari yalikuja yakafa. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho.

Gari la michezo lililowashangaza watu lilikuwa Datsun 240Z. Milango miwili, boneti ndefu, injini ya silinda sita: umbo la gari la kutembeza ufukweni. Edgar Herrmann alishinda nalo mwaka 1971, na Shekhar Mehta akashinda nalo mwaka 1973. Wazee wa hapa waliosafiri Meru na Nanyuki kuyaona mashindano yakizunguka Mlima Kenya bado wanakumbuka sauti yake. Lakini Safari haikushindwa na sauti. Ilishindwa na gari lililoweza kuendelea kupumua baada ya siku kadhaa za vumbi na tope.

Baadaye funzo hilo likapanda juu ya gari likaonekana na kila mtu. Magari ya Safari yalifungwa bomba lililopanda kando ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa. Celica GT-Four ya Toyota ilikuwa nalo, Lancia Delta ilikuwa nalo, na Impreza ya Subaru aliyoshinda nayo Colin McRae mwaka 1997 ilikuwa nalo. Wengi hudhani bomba lile ni la kuvukia mito tu. Kweli linasaidia kwenye maji, maana maji yakiingia kwenye silinda hayabanwi kama hewa na yanapinda vyuma. Lakini kwa siku nyingi kazi yake ni nyingine: vumbi zito linakaa chini karibu na magurudumu, na hewa ya usawa wa paa ni safi zaidi. Bomba lilelile leo limefungwa kwenye Land Cruiser za mashirika na za polisi unazoziona zikiegeshwa mjini Isiolo.

Sasa angalia ajabu iliyotokea. Wakati Safari ikiwafundisha watengenezaji kuinua pua na kuisafisha, wakuu wa mchezo huohuo duniani walikuwa wakiibana. Turbo inasukuma hewa nyingi ndani ya injini, na hewa nyingi ni nguvu nyingi. Ili kupunguza nguvu, sheria zililazimisha kila gari lenye turbo kuvuta hewa yake yote kupitia tundu dogo, ambalo kuanzia mwaka 1995 lilikuwa na upana wa milimita 34. Mwaka huohuo, kwenye mashindano ya Catalunya huko Uhispania, wakaguzi waligundua kwamba tundu la Celica za timu ya Toyota lilikuwa na ujanja: lilisogea kidogo likaacha hewa ipite pembeni, na likifunguliwa kwa ukaguzi likarudi mahali pake kama halijafanya kitu. Timu ilinyang'anywa pointi zote za mwaka na kufungiwa miezi 12. Kampuni kubwa namna ile, washindi wa Safari mara kwa mara, walihatarisha jina lao kwa hewa ya milimita chache. Ndiyo thamani ya pua.

Kwa Wakenya, hata hivyo, jina lililobaki mdomoni ni Subaru. Patrick Njiru alimaliza wa 12 mwaka 1993 katika Vivio, kigari chenye injini ya sentimita 658 za ujazo, ndogo kuliko ya pikipiki nyingi. Mwaka uliofuata akamaliza wa nne katika Impreza. Kijana aliyeona hayo kwenye televisheni alikua akitaka gari moja tu. Na magari yalipoanza kuingia kwa wingi Mombasa yakiwa yametumika Japani, ndoto ikawa na bei inayofikika.

Isiolo ilikuwa nyuma kwa sababu ya ile barabara. Ungepeleka wapi gari la chini namna ile? Lakini lami ikavuka kizuizi. Wachina waliijenga kwanza hadi mto Merille, vipande vingine vikafuata, na ilipofika mwaka 2017 ungeweza kuondoka hapa baada ya swala ya alfajiri ukala chakula cha mchana Moyale. Safari iliyomla baba siku mbili, na wiki nzima mvua ikinyesha. Magari ya chini yakaja. Yakaja pia maduka ya Nairobi yanayouza vifaa vya kuyapamba na kuyaongezea nguvu.

Hapo ndipo anaingia mpwa wangu. Ilikuwa mwaka 2019. Alikuwa na Impreza yenye turbo, ya mkono wa tatu, na sanduku lililokuja kwa basi kutoka Nairobi. Ndani mlikuwa na bomba la aluminiamu linalong'aa na filta ya pamba yenye umbo la pia, nyekundu.

"Mjomba, hii inafungua kifua," aliniambia. "Ile ya kampuni inaibana gari. Na mlio! Ukikanyaga utaisikia kutoka Wabera."

Hakuwa anasema uongo. Kisanduku kinachokuja na gari kimetengenezwa pia kunyamazisha, na filta yake ya karatasi inaizuia hewa kidogo. Filta ya pamba ina matundu makubwa zaidi, na oili iliyopakwa ndiyo inayonasa vumbi, wazo ambalo si geni kwa mtu aliyewahi kukwangua bakuli la lori. Tukampelekea fundi mmoja mzee ambaye alijifunzia kazi kwenye Land Rover za serikali. Alivaa miwani, akaligeuza lile bomba mikononi, akauliza swali moja.

"Hii gari utaipeleka wapi?"

Mpwa wangu alikuwa ameanza kazi Garba Tulla, na barabara ya kwenda huko haikuwa na lami. Kila Ijumaa jioni anarudi, kila Jumatatu alfajiri anaenda.

Fundi alianza kazi bila kubisha. Alichomoa waya wa betri, akatoa bomba la mbele, akachomoa plagi ya sensa inayopima hewa, akalegeza klipu ya hosi, akang'oa kisanduku kizima. Pakabaki pengo kubwa pembeni mwa injini. Akamwita kijana, akamwambia aweke mkono pale injini ikiwa bado ya moto.

"Sikia hiyo joto. Hii filta yako itakaa hapa uchi. Itavuta hewa ya injini, si ya nje."

Alikuwa sahihi hata kwa hesabu. Hewa yenye nyuzi 60 ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko hewa ya nyuzi 20. Gari tayari limepoteza karibu sehemu ya kumi ya hewa kwa kuwa Isiolo badala ya Mombasa, na likipanda kwenda Timau linapoteza zaidi. Turbo inafidia, ndiyo sababu mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss aliipandisha turbo yake hadi juu ya mlima Pikes Peak huko Marekani, zaidi ya mita 4,000, kuthibitisha kwamba injini ya ndege inaweza kupata pumzi kwenye hewa nyepesi. Lakini turbo ikilishwa hewa ya moto inafanya kazi zaidi kwa faida ndogo. Filta ya wazi chini ya boneti inaongeza mlio kwanza, na nguvu baadaye kama ipo.

Jambo la pili alilipima kwa kipande cha kamba. Bomba jipya lilikuwa pana kidogo kuliko la zamani pale sensa inapokaa. Sensa ile ina waya mwembamba unaopashwa moto, na kompyuta inajua kiasi cha hewa kwa jinsi waya unavyopozwa. Ukipanua bomba, hewa inapita polepole kwenye waya, sensa inadanganyika kwamba hewa ni kidogo, na kompyuta inapunguza petroli. Injini ya turbo ikinyimwa petroli huku hewa ni nyingi inagonga ndani, na pistoni zinapasuka.

"Kwa hivyo haiwezekani?" mpwa wangu akauliza. Sura ilikuwa imemwanguka. Kile kifaa kilikuwa kimekula sehemu kubwa ya mshahara wake wa kwanza.

"Nani amesema haiwezekani?"

Walifunga filta nyekundu ndani ya kisanduku alichokikata fundi kwenye bati, chenye mpira pembeni ili kizibe, na mdomo wake ukaelekezwa mbele kwenye nafasi ileile ya zamani. Kipande cha bomba chenye sensa kikabaki kile cha kampuni. Kazi ilichukua siku nzima. Mlio ulipungua nusu, na kijana alilalamika kidogo. Kisha fundi akampa masharti: akirudi Ijumaa ya kwanza, afungue hosi baada ya filta, apitishe kitambaa cheupe ndani.

Nilikuwepo Ijumaa ile. Kitambaa kilitoka na rangi hafifu ya udongo, kama kivuli. Mpwa wangu akasema ni kidogo tu. Fundi hakubishana naye. Alileta filta ya karatasi ya zamani, akaiweka kando ya ile ya pamba kwenye boneti.

"Hii nyekundu ni ya lami. Hii ya karatasi ni ya Garba Tulla. Kisanduku ni chako, kuna nafasi ya zote. Wewe chagua kila safari."

Nilimwona kijana akipiga hesabu. Injini nyingine, hata ya mtumba, ingemgharimu mshahara wa miezi mingi, na bila gari kazi ya Garba Tulla ingekuwa ya kulala huko mwezi mzima. Jumatatu aliondoka na karatasi. Mpaka leo ana desturi ya kubadilisha: karatasi kwa murram, nyekundu akienda Moyale au Nairobi. Inamchukua dakika kumi. Injini ni ileile.

Wapo watakaosema huu ni uoga wa watu waliozoea malori. Mimi naona ni elimu ambayo haikuandikwa popote. Mafundi wa Aboukir walikuwa nayo, wahandisi walioinua mabomba ya Safari walikuwa nayo, na baba alikuwa nayo alipochungulia tope kwenye bakuli. Vifaa vinatengenezwa mbali, kwa barabara za mbali, na anayeuza hajui unakaa wapi. Lami imefuta kizuizi cha Isiolo, jambo ambalo wazee wetu walilisubiri miaka mingi, na ninafurahi kuona vijana wakienda Moyale kwa gari la ndoto zao. Lakini lami ni utepe mwembamba. Ukitoka nje yake, mahali pengi barabara inarudi kuwa ileile aliyoijua baba. Kwa hiyo ukitaka kuifungua gari yako kifua, ifungue. Uliza tu kwanza swali la yule mzee, kisha beba kitambaa cheupe.